Toxoplasma Haitoki Kwenye Seli? Mwongozo Kamili wa Jaribio la Kuitoa kwa Kalsiamu

Ujumbe ni uleule, anayebadilika ni mtumaji: "Mwalimu, nimetia ionofori, dakika 10 zimepita, vimelea vimetulia kama vimelipa kodi ya nyumba." Wiki inayofuata mwingine analalamika kinyume: vimetoka vyote, hata kwenye kisima ambacho hakikutiwa dawa.

Wote wawili hulaumu dawa, yaani ionofori, ile inayobeba kalsiamu kupita kwenye tando za seli ili kimelea cha Toxoplasma kipate amri ya kutoka. Nimesimama nyuma ya wanafunzi wengi kwenye meza ya maabara hapa Kampala, na mara nyingi dawa haina hatia. Kosa lilishafanyika kabla chupa haijafunguliwa: vakuoli (vifuko ambamo vimelea huishi ndani ya seli) changa mno au zilizopitiliza, na sahani iliyopoa mezani. Nimeuandika mwongozo huu kwa Kiswahili kwa sababu kwenye maabara yetu kuna mtu wa Arua, wa Goma, wa Bukoba na wa Kisumu, na hii ndiyo lugha tunayogombania ndani yake zamu ya hadubini.

## Andaa hivi kwanza

Usianze kama kimoja kinakosekana. Kukopa bafa ya jirani katikati ya jaribio ndiko kunakoharibu siku.

Vimelea na seli
- Takizoiti (umbo la kimelea linalozaliana haraka) za Toxoplasma gondii, aina ya RH. Hukua haraka na hutoka kwa pamoja.
- Fibroblasti za binadamu, yaani zile seli za ngozi zinazojulikana kwa kifupi kama HFF. Ni bapa na pana, kwa hiyo kila vakuoli unaiona wazi.
- Sahani ya visima 24, na ndani ya kila kisima kioo cha mviringo cha kufunikia slaidi.

Bafa na dawa
- Bafa ya Hanks (maji ya chumvi ya kutunzia seli) yenye kalsiamu na magnesiamu, iliyoongezwa HEPES, kemikali ya kushikilia pH, milimola 20, pH 7.4.
- Ionofori A23187. Miligramu 1 iyeyushe katika maikrolita 955 za DMSO, kiyeyushio chetu, upate mmumunyo mama wa milimola 2.
- BAPTA-AM, dawa inayoingia ndani ya seli na kuinasa kalsiamu. Miligramu 1 katika maikrolita 131 za DMSO ni milimola 10.
- Saitokalasini D, mmumunyo mama wa milimola 1. Hii huzuia aktini, protini ya nyuzi inayoendesha mwendo, hivyo kimelea hakiwezi kutembea.
- Zaprinasti, kama unataka kwenda mbali zaidi. Nitaieleza mwishoni.
- DMSO tupu. Hiyo ndiyo shahidi wako, kisima cha kulinganishia.

Vifaa
- Bafu la maji au kipande cha chuma kilichopashwa hadi nyuzi 37, kipimajoto cha kweli, saa ya sekunde, kioo cha kuhesabia cha Neubauer, sindano butu ya geji 27.
- Paraformaldehaidi 8%, methanoli, na Giemsa. Giemsa ileile ya malaria inatosha, na ndiyo maana napenda jaribio hili: maabara nyingi Uganda zina chupa yake.

Gawa mimumunyo mama katika vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, ufunge kwa karatasi ya fedha, uweke kwenye friza ya chini ya sifuri 20. BAPTA-AM huharibika ikikutana na unyevu. Kichupa kilichogandishwa na kuyeyushwa mara tano, hasa wakati umeme unakwenda na kurudi, hicho si dawa tena.

## Usalama

Kimelea hiki kinaambukiza binadamu, na RH haina huruma. Mjamzito asikiguse. Mtu mwenye kinga dhaifu naye asikiguse, hata akijisikia mzima. Hapa kwetu kila mhudumu wa afya anajua Septrin wanayopewa wanaoishi na VVU; kazi yake moja ni kuzuia hikihiki kimelea kisiamke kwenye ubongo.

Ajali kubwa ya maabara ni kujichoma sindano. Usiirudishie sindano kifuniko chake, hata mara moja. Ukijichoma, acha damu itoke yenyewe chini ya maji yanayotiririka, osha kwa sabuni, kisha mwambie msimamizi na daktari saa hiyohiyo. Kazi yote ya vimelea hai ifanyike ndani ya kabati la usalama wa kibiolojia. Na kumbuka DMSO hupenya ngozi ikiwa imebeba kilichoyeyushwa ndani yake, kwa hiyo glovu yenye tone ni glovu ya kutupwa.

## Unachokipima hasa

Sitakupa historia. Lakini usipojua mnyororo huu, hutajua umekatikia wapi.

Ndani ya seli ya HFF kimelea kimekaa kwenye kifuko chake, vakuoli, kikigawanyika: 2, 4, 8, 16, 32. Ndani ya mwili wa kimelea kalsiamu huru ni takriban nanomola 100. Kwenye bafa yako ni zaidi ya milimola 1, yaani mara elfu kumi na zaidi. Kimelea hutumia nguvu nyingi kuilinda tofauti hiyo, kwa sababu kalsiamu ikipanda ni amri.

Ukipanda teksi pale Wandegeya unajua: gari halisimami kwa kuwa umefika kwako, linasimama kwa sababu umepaza sauti "maaso awo!", yaani "hapo mbele!" Kalsiamu ndiyo hiyo sauti. Kwa kawaida mnyororo huanza na cGMP, molekuli ya kupeleka ujumbe, inayoamsha kinasi (ensaimu inayowasha protini nyingine) iitwayo PKG. PKG huchochea kuvunjwa kwa mafuta fulani ya utando, na zao lake moja, IP3, hufungulia kalsiamu kutoka kwenye hazina ya ndani ya kimelea. Kalsiamu huamsha kinasi za kundi la CDPK, hasa CDPK1 na CDPK3. Hapo vifuko vya kichwani, maikronimu, humwaga protini nje. Mojawapo, PLP1, hutoboa utando wa vakuoli. Wakati huohuo mota ya aktini na miosini inawashwa, na kimelea kinaondoka kwa kuteleza.

Kwa hiyo kutoka si kupasuka kwa puto lililojaa. Ni kitendo. Ionofori hairarui seli. Inabeba kalsiamu kupita kwenye tando na kupiga kelele badala ya abiria.

## Hatua ya 1: Tandika zulia la seli

Panda HFF kwenye visima na usubiri hadi zifunge zulia bila mianya. Ni siku kadhaa, usiharakishe.

Sababu: penye mwanya seli hujikunja, na vakuoli juu ya seli iliyojikunja huonekana kama imepasuka hata kama ni nzima. Utahesabu uongo.

Ukifanikiwa utaona seli ndefu zimelala kwa mkondo mmoja, kama nyasi baada ya mvua.

## Hatua ya 2: Ambukiza kwa saa maalumu

Chukua chupa ya vimelea ambavyo vimeanza kutoka vyenyewe. Kwangua, pitisha kwenye sindano ya geji 27 mara mbili au tatu, kisha kwenye chujio la maikroni 3 ili mabaki ya seli yabaki nyuma. Hesabu kwenye Neubauer. Weka takriban vimelea 50,000 kwa kila kisima.

Baada ya saa 2 hadi 3, osha mara mbili kwa midia (maji ya kulishia seli) yenye joto. Hii ndiyo kazi ambayo watu huiruka, halafu wanashangaa. Usipoosha, vimelea vitaendelea kuingia usiku kucha, na kesho utakuwa na vakuoli za umri wote kwenye kioo kimoja: za viwili, za vinane, na zilizokwisha kupasuka. Hakuna dawa itakayokupa jibu moja kutoka kwa umati wa namna hiyo.

Lenga saa 36. RH hugawanyika kila saa 6 hadi 8, hivyo kwa muda huo utapata vakuoli nyingi za 16 na 32. Mimi huambukiza Jumatatu saa 2 usiku na kufanya jaribio Jumatano saa 2 asubuhi. Ndiyo, maana yake ni kuosha sahani karibu saa 5 usiku na kutafuta bodaboda baadaye. Panga nauli mapema.

Onyo: karibu na saa 48 RH huanza kutoka yenyewe. Ukichelewa nusu siku kwa sababu ya foleni au kikao, usijaribu kuiokoa sahani. Anza upya. Vakuoli changa nazo, za viwili au vinne, ni shida ya upande wa pili, kwani ni nzito kuitikia na ni ngumu kuhesabu.

## Hatua ya 3: Tazama kabla hujagusa

Weka sahani chini ya hadubini dakika moja tu. Unatafuta waridi: vimelea vimepangwa duara, vichwa nje na mikia katikati, ndani ya mpaka laini. Vimelea huru kati ya seli viwe vichache sana.

Kanuni yangu ni kali: kama zaidi ya vakuoli 1 kati ya 10 tayari imefunguka, sahani hiyo inakwenda kwenye ndoo ya takataka za kibiolojia. Wanafunzi hunichukia asubuhi hiyo. Baadaye, wakati wa kuandika ripoti, tunaelewana.

## Hatua ya 4: Joto, joto, joto

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Meza ya Kampala asubuhi ni kama nyuzi 22 hadi 24. Kisima chenye nusu mililita hupoa ndani ya dakika chache. Kwenye baridi hiyo kinasi hufanya kazi kwa uvivu na mota ya kuteleza hupunguza mwendo. Ukitia ionofori kwenye sahani iliyopoa, kalsiamu inaweza kupanda na bado hutaona mtu akitoka kwa wakati unaoutarajia. Utaandika "dawa imeshindwa", kumbe ulichokipima ni hali ya hewa.

Najua kwa sababu nimefanya. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa sahani kwenye inkubeta, simu ikaita, nikazungumza na mjomba kuhusu shamba la kahawa. Niliporudi nilitia dawa kama kawaida. Hakuna kilichotoka. Niliagiza dawa mpya na kuisubiri majuma. Ilipofika, nikapata matokeo yaleyale, hadi mwenzangu alipoweka kipimajoto ndani ya kisima badala ya kukiangalia kilichobandikwa kwenye mashine.

Fanya hivi: bafa zote, pamoja na zenye dawa, zikae nyuzi 37 kwa nusu saa kabla. Sahani ifanyiwe kazi juu ya chuma kilichopashwa. Pima joto ndani ya kisima cha pembeni chenye bafa tupu. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta "kuangalia tu". Joto hukaa ndani kwa muda likiachwa.

## Hatua ya 5: Osha midia

Ondoa midia taratibu kwa pipeti, ukigusa ukingo wa kisima, si zulia. Osha mara mbili kwa bafa ya nyuzi 37. Acha maikrolita 250.

Sababu ni mbili. Kwanza, albumini ya seramu hunasa dawa zenye asili ya mafuta kama A23187. Unadhani umetia maikromola 2, kumbe iliyo huru ni chache. Pili, midia yenye bikaboneti ikitoka kwenye kabonidioksaidi hubadilika pH na kuwa ya zambarau. Toxoplasma ni nyeti kwa pH, hasa asidi, ambayo peke yake inaweza kuichochea kutoka. HEPES inakuondolea utata huo.

Onyo: usitengeneze bafa ya dharura kwa kumwaga kloraidi ya kalsiamu kwenye PBS. Fosfeti na kalsiamu hugandana kuwa chengachenga nyeupe, na kalsiamu uliyoitaka inabaki chini ya chupa.

## Hatua ya 6: Tia dawa mara mbili ya nguvu

Usidondoshe mmumunyo mama moja kwa moja kwenye kisima. Tone la DMSO huzama, seli zilizo chini yake zinaungua na za pembeni hazipati kitu. Tengeneza bafa yenye maikromola 4 (maikrolita 2 za mmumunyo mama kwa mililita 1), kisha ongeza maikrolita 250 juu ya zile 250 zilizopo. Mwisho wake ni maikromola 2.

Visima vyako viwe angalau hivi, kila kimoja mara tatu:

1. DMSO tupu, kwa kiasi kilekile.
2. A23187.
3. BAPTA-AM maikromola 25 kwa dakika 20, osha, kisha A23187.
4. Saitokalasini D maikromola 1 kwa dakika 10, kisha A23187 pamoja na saitokalasini ileile. Usiioshe, ikiondoka, aktini huamka tena.

BAPTA-AM huja na DMSO nyingi zaidi, maikrolita 2.5 kwa mililita. Vipe visima vingine DMSO ya kiasi hicho kwa dakika 20 zilezile. Mkaguzi yeyote makini ataanzia hapo.

Washa saa. Simamisha visima vya dakika 0, 2, 5 na 10 kwa kuvigandisha kama Hatua ya 7. Kama una hadubini ya kupashwa joto, tenga kisima kimoja cha A23187 ukiangalie kwa macho yako. Katika dakika chache za kwanza waridi linalegea, vimelea vinaanza kujinyonganyonga kila kimoja kivyake, mpaka wa vakuoli unafifia, kisha vinatawanyika pande zote kama siafu waliomwagiwa maji. Ukishaliona mara moja hutalisahau, wala hutalichanganya tena na seli iliyokufa.

## Hatua ya 7: Gandisha bila kumwaga

Kugandisha hapa si kwa baridi, ni kuzishika seli zilivyo kwa kemikali. Kosa la siri hili. Watu humwaga bafa, kisha hutia dawa ya kugandisha. Vimelea vilivyotoka vinaelea. Ukimwaga, umewamwaga mashahidi.

Badala yake ongeza maikrolita 500 za paraformaldehaidi 8% juu ya bafa iliyopo, kwa upole. Inakuwa 4%. Subiri dakika 20 ndani ya kabati la hewa, kwa maana mvuke wake unaumiza. Kisha osha, pitisha kwenye methanoli dakika 5, acha ikauke, paka Giemsa, suuza kwa maji ya pH 7.2, bandika kwenye slaidi.

## Hatua ya 8: Hesabu ukiwa kipofu

Mwombe mwenzako azibe majina ya slaidi kwa namba. Sikushuku, lakini jicho linalojua jibu hupata jibu.

Hesabu vakuoli 100 kwa kila kioo. "Nzima" ni ile ambayo vimelea vyake vimebaki kwenye kundi lenye mpaka. "Imefunguka" ni ile ambayo vimelea vimetawanyika kuzunguka mabaki ya seli. Kwa kuwa zilizofunguka zinaweza kusombwa licha ya uangalifu wako, hesabu pia vakuoli nzima katika maeneo 20 ya hadubini na ulinganishe na DMSO. Tuseme DMSO ina 90 na A23187 ina 18: zimetoka 72 kati ya 90, yaani 80%. Njia hizi mbili zikipishana sana, rudi Hatua ya 7.

Rudia siku tatu tofauti, kwa vimelea vya chupa tofauti. Visima vitatu vya siku moja ni jaribio moja.

## Kusoma matokeo

DMSO ibaki karibu yote ikiwa nzima. A23187 ifungue sehemu kubwa ndani ya dakika 5. BAPTA-AM icheleweshe au izuie. Ikishindwa kufanya hivyo, aidha dawa imeharibika au muda wa kuingia haukutosha.

Saitokalasini ndiyo inayowachanganya wengi. Vakuoli hulegea, mpaka hupotea, lakini vimelea vimelala palepale. Hilo si kosa. Maikronimu zimemwagwa na utando umetobolewa, ila mota imezimwa. Ziandike kwenye safu yake, "zimelegea, hazikutawanyika", usizilazimishe kwenye mojawapo ya zile mbili.

Ukiondoa kalsiamu ya nje kwa EGTA, kemikali inayoinasa, usitarajie sifuri. Hazina ya ndani inaweza kuanzisha kazi. Kalsiamu ya nje huongeza nguvu, hasa seli ikishatobolewa.

Ikiwa A23187 inakataa kila kitu kikiwa sawa, leta zaprinasti, maikromola 500. Yenyewe huzuia ensaimu zinazovunja cGMP, hivyo inaingia mwanzoni mwa mnyororo, kupitia PKG. A23187 ikifanya kazi na zaprinasti isifanye, tafuta hitilafu kwenye hatua za kabla ya kalsiamu. Zote zikishindwa, tafuta kwenye hatua za baada yake, au kubali kwamba vimelea vyako ni wagonjwa, pima maikoplazma, bakteria wanaochafua seli za maabara. Na kuna hali ya ajabu: zaprinasti inafanya kazi, A23187 inasuasua. Vimelea vilivyoharibiwa CDPK3 hujiendesha hivyo, kwani PKG ikichochewa vya kutosha huweza kufidia pengo. Mwanafunzi mmoja alitaka kuitupa data ya namna hiyo akidhani alichanganya vichupa. Hakuwa amechanganya.

Swali linalofuata huwa ni malaria. Plasmodium ni ndugu wa ukoo huohuo, na nayo hutumia PKG na kalsiamu ili itoke kwenye chembe nyekundu za damu, ile ya falciparum kila saa 48 hivi. Lakini usihamishe dozi na dakika za humu kwenda kule. Chembe nyekundu si HFF, na umri wa kimelea unaofaa ni dirisha finyu mwishoni kabisa mwa mzunguko.

Ukimaliza, vimelea vilivyoguswa na ionofori usivirudishe kwenye chupa ya kuzalishia. Vikikaa na kalsiamu juu kwa muda nje ya seli hupoteza uwezo wa kuingia tena. Vitie kwenye jiki pamoja na bafa ambayo haikutiwa paraformaldehaidi, sahani iende kwenye otoklevu, na kwenye daftari andika joto la kisima kabla ya asilimia.